Je, wajua kwa nini picha iliyochapwa huonekana ikiyumba ilhali haijasogea?

Ukiikazia macho kwa muda chapa ya kidhahania, yaani isiyochora kitu halisi, yenye tepe za rangi zilizojipinda kama mawimbi ya Ziwa Viktoria, karatasi huanza kuyumba, na kati ya rangi tatu zilizochapwa huchomoza ya nne ambayo mchapaji hakuiweka. Karatasi imetulia, kisichotulia ni jicho. Hata tunapokodolea nukta moja, jicho hutikisika mitikisiko midogo tusiyoihisi, na mistari iliyosongamana huifanya mitikisiko hiyo ionekane.

Habari ya rangi ina historia ndefu zaidi. Mwaka 1824 mkemia Michel Eugène Chevreul alikabidhiwa idara ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, Paris, ambako kulikuwa na malalamiko kwamba uzi mweusi umefifia. Alipochunguza, aliona kwamba uzi haukuwa na kasoro yoyote: weusi wake ulidhoofishwa na bluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Alichapisha maelezo yake mwaka 1839. Rangi ya kijivu ikipakana na eneo pana la chungwa huelekea bluu. Lakini kijivu hichohicho kikikatwakatwa na mistari myembamba ya chungwa, huvutwa kuelekea chungwa lenyewe.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo mpindo unapofanya kazi yake kubwa. Utepe ulionyooka una upana mmoja, kwa hiyo husema neno moja tu. Utepe uliojipinda huwa mpana tumboni na mwembamba shingoni, na wino mmoja hupita polepole kutoka kushindana na jirani yake hadi kuchanganyika naye. Mfano wa msanii wa chapa za namna hii ni Bridget Riley, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1931: alianza kwa nyeusi na nyeupe, akaingia katika rangi mwaka 1967, na ametengeneza chapa nyingi za skrini.

Skrini imemfaa kwa sababu ya ufundi wake, ambao ni uleule wa mafundi wanaochapa fulana jijini Kampala: wavu uliokazwa kwenye fremu, sehemu zisizotakiwa zikiwa zimezibwa, na wino unaosukumwa kwa kipande cha mpira chenye mpini. Kila rangi ina skrini yake. Fremu inapoinuliwa, wino umelala sawasawa, ukingo wake umekatika kama kwa wembe, wala hakuna alama ya brashi ya kulishika jicho. Skrini ya pili ikikaa pembeni kidogo tu, uzi wa karatasi nyeupe hubaki kati ya rangi mbili, nazo huacha kuathiriana inavyotakiwa. Ndiyo maana fundi makini hurudia kupima kabla ya kuchapa.

Ukitaka kuhakikisha, toboa matundu mawili madogo kwenye karatasi nyeupe, moja likae juu ya tumbo la utepe na jingine juu ya shingo yake. Utaona wino mmoja. Ondoa karatasi, na rangi mbili zitarudi papo hapo.