Acheni kuzipiga kuta za tembe lipu ya saruji

Nimeambiwa tena wiki hii, na mzee ninayemheshimu: "Fundi, ukuta wa udongo unabomoka, upige lipu nzito ya saruji, mambo yaishe." Mzee wangu, kitakachoisha ni ukuta.

Hapa Tabora majengo ya kale ni tembe, yaani nyumba za udongo zenye paa bapa, kama lile la Kwihara alikokaa mmisionari na mvumbuzi Livingstone hadi Agosti 1872. Kuta zake za udongo hunywa unyevu kutoka ardhini na kuutoa usoni. Masika udongo huvimba, kiangazi husinyaa. Saruji haiendi nao. Hupata ufa mwembamba kama uzi, mvua ikaingia, isipate pa kutokea. Maji huparamia juu kutafuta upenyo, na chumvi iliyomo huganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Igonge kwa kifundo cha kidole: inalia kama debe tupu. Bandua kipande: udongo umekuwa unga, njia za mchwa zimejaa. Kwa nje lipu bado inameta, na mwenye nyumba anaisifu!

Wengine hunitolea mfano wa Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa pwani: mbona magofu yale yamedumu? Yamedumu kwa chokaa! Husuni Kubwa, jumba la kifalme la huko, ni ya karne ya 14, mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa iliyochomwa. Saruji ya Portland, hii tunayoipigia lipu leo, ilipewa hataza mwaka 1824 tu, karne kadhaa baadaye.

Tembe nalirudishia udongo: wa kichuguu, mchanga, nyasi zilizokatwa fupi, tabaka nyembamba nyembamba. Juu yake chokaa iliyozimwa, ambayo hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, kwa hiyo ifunikeni kwa magunia mabichi jua lisiikaushe.

Ila chokaa haishiki kila udongo. Wenye mfinyanzi mwingi huibandua, ndiyo maana hujaribia pembeni kwanza na kungojea mvua. Na nikishabadili nusu ya ukuta, je, bado ni tembe lile lile? Hapo sijakubaliana na nafsi yangu.

Kama saruji imeshapigwa, msiing'oe masika. Kiangazi kikianza, chimbeni kwanza mfereji wa kuondoa maji ya mvua, kisha dokoeni kwa patasi kuanzia chini, ukuta ukauke kiangazi chote kabla ya lipu mpya.