Mimea pori mjini: yanayosemwa na yalivyo kweli

Eti mjini maua ya porini hayatoi mbegu sababu nyuki wamekwisha. Sio kweli hiyo. Utafiti wa miji 9 ya Ujerumani uliotoka 2020 ulikuta aina za nyuki ni nyingi mjini kuliko mashamba ya jirani, na uchavushaji ulikuwa mzuri zaidi, ila nzi na vipepeo ndo walipungua, kwahiyo inategemea ua lako linamtegemea nani. Na usiku ni kesi nyingine kabisa, kule Uswisi waliweka taa kwenye malisho yaliyokuwa hayajui taa, wadudu wa usiku wakapunguza kutembelea maua kwa 62%, mmea waliokuwa wanaufuatilia ukatoa matunda pungufu kwa 13% japo mchana wadudu walikuja kama kawa.

Lingine: mjini wadudu wachache, basi mmea unapumua. Hapa ndo watu wanachemka. Wanaotafuna majani, kama viwavi, kweli mara nyingi hupungua, lakini wanaofyonza utomvu wananenepa tu. Huko Raleigh, Marekani, miti ya mepo (maple) iliyozungukwa na lami na sementi inajaa vidugamba, wadudu wadogo wafyonzaji wanaoganda kwenye mti, na usikimbilie kusema ni vile maadui zao wameisha maana kilichowazidisha hasa ni joto, nyuzi chache tu juu na jike linazaa zaidi.

Klova nyeupe, mmea mdogo wa malisho, nayo hujikinga na hao watafunaji kwa sumu ya sianidi inayotoka jani likitafunwa. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya miji 160 duniani, na kwa wastani klova ya mjini ina sianidi kidogo kuliko ya shamba (sio kila mji lakini, mingi tu haikuonyesha tofauti).

Magonjwa? Watu wanadhani hewa chafu = majani kuumwa. Enzi za moshi wa makaa Uingereza, doa jeusi la waridi, ugonjwa wa majani unaoletwa na kuvu, lilikuwa adimu kwenye miji ya viwanda, salfa ya hewani ilikuwa inaua kuvu, hewa ikasafishwa ugonjwa ukarudi. Ubwiri unga (kuvu nyeupe kama unga juu ya majani) wenyewe hauhitaji hata jani liwe na maji, ukame wa mjini hauutishi.

Halafu wale wa "mmea hauwezi kubadilika haraka hivyo". Montpellier, Ufaransa, kuna kigugu kinaitwa Crepis sancta kinachoota kwenye vipande vya udongo chini ya miti ya barabarani, kina mbegu nyepesi za kupeperuka na nzito za kudondoka palepale. Ndani ya vizazi kama 5 hadi 12 hivi, cha mjini kimeongeza zile nzito, sababu nyepesi nyingi zinaishia kwenye lami.