Shoka la Kuchanjia Kuni: Uzito Usikudanganye

Swali tunaloulizwa zaidi kuhusu mashoka ni hili: nichukue la kilo ngapi? Anayeuliza huwa ameshachoka. Amepiga kipande kilekile mara kumi, shoka limeruka au limenasa, mgongo unamuuma, naye ameamua kwamba dawa ni shoka zito zaidi. Mara nyingi uzito si tatizo lake. Anahitaji shoka la umbo jingine, mpini uliokaa sawasawa, na jicho linalojua kipande cha mti kinataka kupasukia wapi.

Kukata na kuchanja ni kazi mbili

Mti umejengwa kwa nyuzi ndefu zinazopanda kutoka shinani kwenda juu, mfano wa fungu la manyasi makavu yaliyogandamana kwa gundi. Kuzikata nyuzi hizo kwa kuzikingama ni kazi ngumu, ndiyo maana shoka la kuangushia miti lina ubavu mwembamba na makali yanayoingia ndani sana. Kuzitenganisha ni rahisi zaidi, kwa kuwa gundi ni dhaifu kuliko nyuzi zenyewe. Shoka la kuchanjia ni kabari iliyotiwa mpini. Makali yake hufungua mlango tu. Kazi hufanywa na mashavu yake mapana, yanayosukuma nyuzi huku na huku mpaka ufa ukimbie mbele ya chuma. Ukitazama vizuri utaona kipande kimeachana kabla makali hayajafika chini.

Ukichanja kwa shoka la kuangushia miti, linazama na kunasa kama kisu kwenye jibini. Lishike usawa wa macho ulitazame kutoka juu. La kukatia hunenepa polepole kutoka kwenye makali kwenda nyuma. La kuchanjia hupanuka haraka. Mengine ni membamba kidogo karibu na makali kisha yanatanuka ghafla, na hilo ndilo umbo ninalolipendekeza kwa anayeanza, kwa sababu huuma kwanza na kupanua baadaye.

Sasa turudi kwenye kilo. Kichwa cha kilo 1.5 hadi 2.5 kinamtosha mtu mzima kwa sehemu kubwa ya kuni. Yapo pia mashoka mazito yenye kisogo cha nyundo, ya kilo 2.7 hadi 3.6, ambayo kazi yake halisi ni vipande vinene vyenye mafundo na kupigilia kabari. Nguvu ya pigo hutokana na uzito na mwendo, lakini haviko sawa. Ukiongeza uzito mara mbili, nishati inaongezeka mara mbili. Ukiongeza mwendo mara mbili, inaongezeka mara nne. Shoka la kilo 2 likishuka kwa mita 12 kwa sekunde linafika na nishati ya juli 144 (juli ni kipimo cha nishati). La kilo 4, ukiweza kulipeleka kwa mita 8 tu kwa sekunde, linafika na juli 128, nawe umebeba mzigo maradufu. Hapo tunazungumzia pigo la kwanza. Pigo la arobaini mikono imelegea, na shabaha ndiyo inayopotea mapema. Mapigo mawili yaliyoangukia ufa uleule yana faida kuliko matano yaliyotawanyika.

Mpini

Shoka lisilo mpini halichanji kuni, na lenye mpini unaocheza halifai kuinuliwa kabisa. Kichwa cha kilo 2 kikichomoka hewani hakuna anayejua kitaangukia wapi.

Urefu wa sentimita 70 hadi 90 unafaa. Kuna kosa linalofanywa kwa nia njema: mtu mfupi, au kijana, anapewa mpini mfupi sana ili aweze kulimudu shoka. Fuata njia ya shoka inavyozunguka. Mpini mrefu ukikosa kipande, kichwa hushuka ardhini mbele yako. Mpini mfupi ukikosa, duara lake huishia kwenye ugoko au mguuni. Kwa mtu mwenye nguvu kidogo punguza uzito wa kichwa, usipunguze urefu wa mpini. Shoka dogo la mkono mmoja libaki kwa vijiti vya kuwashia moto, likitumiwa ukiwa umepiga magoti, ili likiteleza liangukie ardhi.

Kama mpini ni wa mti, fuata nyuzi kwa kidole kutoka juu hadi chini. Zikikatiza na kutokea ubavuni, hapo ndipo utakapovunjika. Kisha tazama tako la mpini: mistari ya ukuaji wa mti inapaswa kuelekea kunakoelekea makali, isiyakingame. Epuka mpini uliopakwa rangi nzito, maana rangi huficha nyufa na kuchubua viganja. Mpini wa nyuzi za kioo hauozi wala hausinyai, lakini ukiharibika ni vigumu kuutengeneza nyumbani.

Hapa kuna desturi ninayoomba iachwe, ya kuloweka shoka majini ili mpini ukaze. Kwa saa chache hukaza kweli, kwa kuwa mti hunywa maji na kuvimba. Lakini umevimba ndani ya tundu la chuma lisilotanuka, kwa hiyo nyuzi zinajibana na kupondeka. Ukikauka, husinyaa kupita ulivyokuwa mwanzo. Kila ukiloweka unalegeza zaidi, na siku ya kuchomoka haitoi taarifa. Njia iliyo salama ni kulishika shoka wima, kichwa kikining'inia chini bila kugusa kitu, kisha kupiga tako la mpini kwa nyundo ya mti. Kichwa kizito hubaki nyuma, nao mpini unaingia ndani yake. Baada ya hapo pigilia upya kabari ya juu, au weka mpya ya mti mgumu. Mafuta ya kitani yakipakwa mara kwa mara, hasa sehemu ya juu ya tundu, husaidia mpini usinywe na kutoa unyevu ovyo.

Soma kipande kabla ya kuinua shoka

Hii ndiyo sehemu inayomtofautisha mchanja kuni na mtu anayepiga mti. Tazama uso uliokatwa. Mara nyingi utaona nyufa nyembamba zinazotoka katikati kwenda kwenye gome. Hazikutokea kwa bahati. Mti unapokauka husinyaa kwa kufuata mzunguko wa gome takribani mara mbili zaidi ya unavyosinyaa kuelekea moyoni, kwa hiyo lazima uachie mahali fulani, nao huachia kwenye mistari hiyo. Ufa ulioanza ni kazi iliyofanywa nusu. Weka makali juu yake.

Kisha tafuta mafundo. Fundo ni mzizi wa tawi ndani ya shina. Nyuzi za shina hulizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe, hivyo ufa ukifika hapo hupotea njia. Kigeuze kipande ili uso ulio mbali na fundo uwe juu na fundo liwe chini, pigo likute kwanza nyuzi zilizonyooka. Kama fundo haliepukiki, ama pita pembeni yake ama lipasue katikati, sambamba na tawi lilivyoelekea. Penye panda, ambapo shina liligawanyika mara mbili, usipambane kwa shoka peke yake. Hapo ni kazi ya kabari.

Kipande kipana sana usikianze moyoni. Banja vipande vyembamba kandokando, ukizunguka, mpaka moyo ubaki mdogo. Wengi hawaamini hadi wajaribu.

Je, kuni zichanjwe mbichi au kavu? Miti mingi huchanjika vizuri zaidi ikiwa mbichi, na mikaratusi ni mfano ulio wazi: ikikauka nzima hugeuka kama mfupa. Mingine hungoja kidogo mpaka nyufa zijitokeze. Lakini hata pale ambapo tofauti ya jasho ni ndogo, kuchanja mapema kuna faida nyingine. Maji ndani ya mti husafiri kwa wepesi kufuata urefu wa nyuzi na kwa shida kupita ubavuni, na gome huyafungia. Gogo zima linaweza kuonekana kavu nje huku ndani likitoa maji.

Pigo lenyewe

Tafuta gogo pana la kuchanjia, lenye kimo cha sentimita 30 hadi 45, lililotulia bila kutikisika. Usichanjie ardhini. Udongo hunyonya nguvu ya pigo, mawe huvunja makali, na shoka likipitiliza halikuti kitu cha kulizuia. Simamisha kipande upande wa mbali wa gogo hilo, si karibu nawe. Ukikikosa kwa kupiga karibu, shoka linazama kwenye gogo badala ya kuja miguuni.

Vaa viatu vilivyofunikwa na miwani ya kinga. Hakuna mtu ndani ya mita 4 au 5, hata mtoto anayeokota vijiti, na hakuna anayekushikia kipande kwa mkono. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu vidole havirudi. Kipande kisichosimama kikateni tako lake lilale sawa, au kiingizwe ndani ya tairi kuukuu lililolazwa juu ya gogo. Tairi pia huzuia vipande visiruke, na hukuokoa kuinama kila mara.

Simama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, ikilingana, hakuna uliotangulia. Nyosha mikono na uguse kipande kwa makali ili kupima umbali. Mkono mmoja ushike tako la mpini na usiondoke hapo. Mwingine ushike karibu na kichwa wakati wa kuinua, kisha uteleze chini kuufuata mwenzake shoka linaposhuka. Inua mpaka juu ya kichwa, si nyuma ya mgongo. Macho yabaki kwenye ufa uliouchagua, si kwenye shoka.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mtu alifanyie mazoezi polepole kwanza: shoka linaposhuka, kunja magoti na nyonga. Ukibaki umesimama wima, shoka linachora duara ambalo mwisho wake ni mwili wako. Ukishuka pamoja nalo, kichwa hushuka wima, na mpini unakuwa umelala sambamba na ardhi pigo linapotua. Unapata nguvu zaidi na unalinda miguu kwa tendo moja. Usisukume kwa mabavu mwishoni. Nguvu yako iishe katika kuliongeza mwendo, kisha liache lifanye kazi.

Shoka likinasa, usilitikise kulia na kushoto, mpini utavunjika shingoni. Inua na kushusha tako la mpini mpaka liachie. Kipande kikiwa kidogo, kiinue pamoja na shoka, kigeuze, na upige kisogo cha shoka kwenye gogo: uzito wa mti utajipasua wenyewe.

Kamwe usipige kisogo cha shoka kwa nyundo ya chuma, wala usitumie shoka la kawaida kupigilia kabari ya chuma. Chuma kigumu kikipiga chuma kigumu hurusha vipande vidogo vyenye mwendo wa kutoboa jicho, na tundu la mpini hupanuka. Kazi hiyo ni ya nyundo nzito au shoka lililoundwa kwa ajili yake. Kabari ambayo kichwa chake kimechanua kama uyoga isagwe kwanza.

Makali hayahitaji kunyoa nywele, lakini yasiwe butu, maana shoka butu huruka badala ya kuuma. Tupa na kinoo vinatosha, kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 35. Ukitumia mashine ya kusaga, chovya chuma majini mara kwa mara. Kikigeuka rangi ya buluu, kimepoteza ugumu wake na makali hayatadumu.

Kwa moto wa kupikia, chanja vipande vya unene wa sentimita 8 hadi 15, au vyembamba zaidi kwa jiko dogo. Vipange juu ya vijiti visiguse ardhi, funika juu tu, acha ubavu wazi upepo upite. Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 20. Kuni mbichi hutumia joto lake kuchemsha maji yaliyomo na hujaza moshi, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafu wa hewa majumbani, hasa kutokana na moto wa kupikia, ulihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Kuni kavu hazimalizi moshi, ila huupunguza sana. Kujua kama zimekauka, usitazame nyufa za nje peke yake. Toa kipande kimoja katikati ya rundo, kichanje tena, na gusisha upande mpya kwenye shavu lako. Ukihisi ubaridi wa unyevu, rundo lote lisubiri.