Sonona nyumbani, muuguzi kwenye simu: maswali ya ndugu wa mgonjwa

Sonona ina tofauti gani na huzuni ya kawaida?

Sonona ni ugonjwa unaomfanya mtu akae na huzuni nzito, au apoteze hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kutwa nzima kwa muda usiopungua wiki 2, huku usingizi, chakula, nguvu na umakini wake vikivurugika. Si uvivu wala deko, na neno "jikaze" halimsaidii mgonjwa. Humwongezea tu hatia ambayo tayari imemlemea.

Kwa nini muuguzi anipigie mimi niliye ndugu?

Mabingwa wa magonjwa ya akili ni wachache na wengi wako mijini. Kwa anayeishi Kigoma, safari ya kwenda Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, si ya kurudiwa kila wiki. Ndiyo maana mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuwajengea uwezo wahudumu wasio mabingwa, wauguzi wakiwamo, ili waweze kuitambua na kuitibu sonona. Simu haichukui nafasi ya kliniki. Kazi yake ni kuziba siku zilizo kati ya kliniki moja na nyingine, na anayeziishi siku hizo pamoja na mgonjwa ni wewe.

Mazungumzo yenyewe huwaje?

Kwanza muuguzi humwomba mgonjwa idhini ya kuzungumza na ndugu yake, kisha mnapatana siku na saa, kwa sababu nyumba nyingi zinatumia simu moja na si kila sikio linapaswa kusikia. Kitochi kinatosha. Ndugu hutoka uani, nyuma ya jiko, na muuguzi huuliza mambo madogo: jana alilala saa ngapi, sahani ilirudi na chakula kiasi gani, ameoga? Halafu huomba bahasha ya dawa ifunguliwe na vidonge vihesabiwe kwa sauti. Ikiwa vilitolewa 30 siku 10 zilizopita, kimoja kwa siku, na bado vipo 26, tatizo limeshajulikana bila mtu kugombezwa, na sasa linaweza kuzungumzwa.

Mwishoni huja swali ambalo kwangu lina uzito kuliko yote: "Na wewe, dada, unalala?" Ndugu anayeuguza huchoka, huona haya kusema amechoka, na wakati mwingine naye huanza kuugua. Kumsikiliza ni sehemu ya tiba, wala si fadhila.

Mume wangu ametumia dawa siku 10 na sioni nafuu. Aache?

Asiache. Dawa za sonona kwa kawaida huanza kuonyesha nafuu baada ya wiki 2 hadi 4, ilhali maudhi kama kichefuchefu au kinywa kukauka huweza kujitokeza siku za mwanzo kabisa, hivyo familia huona adha kabla ya kuona faida. Mweleze muuguzi kila unachokiona. Hatari nyingine huja baadaye, pale mgonjwa anapoanza kucheka tena na bahasha inasahaulika kabatini: matibabu huendelea kwa miezi kadhaa baada ya kupona, mara nyingi 6 au zaidi, na dawa hupunguzwa taratibu kwa maelekezo ya mtaalamu.

Nifanye nini akisema hataki kuishi?

Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na wengi hupumua kidogo wanapoona kuna mtu amethubutu kulitaja. Usimwache peke yake. Ondoa sumu ya panya, dawa za kuulia wadudu shambani na kamba, na vidonge vyake avitunze mtu mwingine, kwa kuwa baadhi, ikiwamo amitriptilini, vikimezwa vingi kwa pamoja huweza kuvuruga moyo na kuua. Mpelekeni hospitali ya karibu mara moja, na muuguzi apigiwe mkiwa njiani. Msikae nyumbani mkisubiri apokee.

Tunampeleka pia kwenye maombi na kumpa mitishamba. Tumfiche muuguzi?

Msimfiche. Maombi yanaweza kwenda sambamba na dawa, mradi asiambiwe aache kumeza. Kuhusu mitishamba, tajeni ni ipi na anapewa kiasi gani, kwa sababu baadhi hugongana na dawa za hospitali, na muuguzi hawezi kumlinda mgonjwa dhidi ya kitu asichokijua.