Wachezaji Wanane Uwanjani: Pesa za Klabu na Swali Linaloulizwa Kwa Kuchelewa

Wapenzi wa soka wa Tabora hawajaisahau Agosti 2023. Timu iliyopanda daraja ikiitwa Kitayosce, ikaletwa kwetu na kubatizwa Tabora United, ilishuka uwanja wa Chamazi kucheza na Azam ikiwa na wachezaji wanane tu. Wenzao walikuwa nje, usajili wao haujakamilika. Mechi haikufika mapumziko. Azam walikwishafunga mabao manne, wageni wakaumia, wakabaki pungufu ya saba, na mwamuzi hana ruhusa ya kuendelea na timu ya namna hiyo.

Sitaingia kwenye chanzo cha siku ile. Vijiweni watu walicheka, wengine waliona aibu. Mimi nafundisha uhasibu hapa mjini, kwa hiyo nilibaki na swali lisilo na utamu wowote: ni nani anayepaswa kuhakikisha, kabla ya filimbi ya kwanza ya msimu, kwamba klabu inao uwezo wa kuumaliza huo msimu?

Tusiseme soka letu halina pesa. Mwaka 2021 shirikisho letu la soka, TFF, na Azam Media walisaini mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Benki ya NBC wakaja kama mdhamini wa ligi. Kigoma wameona fainali ya Kombe la Shirikisho ya Simba na Yanga ikichezwa uwanja wa Lake Tanganyika mwezi Julai mwaka huohuo, na timu yao ya Mashujaa imekuwa Ligi Kuu tangu msimu wa 2023/24. Ugonjwa wenyewe ni kuahidi mshahara kwa pesa ambayo bado iko mdomoni mwa mtu.

Nichore klabu ya kufikirika, yenye tarakimu rahisi, ili tuone mambo yanavyokwenda. Ina wachezaji 25, kila mmoja anapata shilingi milioni 2 kwa mwezi: hiyo ni milioni 600 kwa mwaka. Benchi la ufundi na ofisi, milioni 15 kwa mwezi, yaani milioni 180. Juu yake kuna mchango wa mwajiri wa NSSF, asilimia 10, karibu milioni 78. Ligi ya timu 16 ina safari 15 za ugenini, na ukiwa Tabora au Kigoma karibu kila ugenini ni mbali. Weka milioni 15 kwa kila safari, unapata milioni 225. Halafu dau la usajili, ile pesa ya mkono kwa mkono anayopewa mchezaji asaini, milioni 200. Jumla ni bilioni 1 na milioni 283.

Upande wa mapato, klabu hii ina mkataba ulioandikwa na makadirio ya viingilio vya mlangoni yanayoaminika, vyote pamoja milioni 600. Nyingine milioni 700 zimeahidiwa na mfadhili kwenye hafla ya kutambulisha jezi. Kwenye karatasi, mapato ni bilioni 1.3 na klabu inabakiwa na milioni 17. Wajumbe wanapiga makofi.

Sasa tuondoe ahadi. Zile milioni 600, hata kama zingeingia zote siku moja mwezi Julai, milioni 200 zinaondoka na dau la usajili wiki hiyohiyo. Zinabaki 400. Matumizi mengine ni zaidi ya milioni 90 kwa mwezi. Katikati ya Novemba akaunti ni tupu, dirisha dogo la usajili halijafunguliwa, na mfadhili amepoteza hamu kwa sababu timu imefungwa mechi tatu mfululizo. Ndipo mnasikia kocha anasema wachezaji “wana changamoto ndogo ndogo”. Changamoto ndogo ndogo ni mishahara ya miezi miwili.

Wavuvi wa dagaa wa Kigoma wanalijua jambo hili kuliko viongozi wengi wa klabu. Anayevua kwa taa hawezi kufanya kazi mbalamwezi ikiwaka, kwa hiyo hali chakula kana kwamba usiku wote ni wa giza. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Aliyekuwa na akiba alivuka, asiye nayo alikopa. Klabu nayo ina mbalamwezi yake kila mwaka. Ligi ikiisha hakuna mapato ya mlangoni, lakini mkataba wa mchezaji unaendelea kuhesabu miezi.

Wala msidhani huu ni ushamba wetu. Leeds United ya Uingereza walikopa pauni milioni 60 wakiweka rehani mapato yao ya mlangoni ya miaka ijayo. Mwaka 2001 walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, mwaka 2004 wakashuka daraja. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa jirani zetu Kenya, kampuni ya kubashiri SportPesa walipositisha udhamini mwaka 2019 baada ya mvutano wa kodi na serikali, klabu za Gor Mahia na AFC Leopards zilijikuta hawana nguzo ya pili ya kuegemea.

Mfano ninaoupenda zaidi darasani ni wa Bury, klabu ya mji mdogo kule Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1885. Desemba 2018 iliuzwa kwa pauni moja. Msimu huohuo ilipanda daraja uwanjani huku wachezaji wakidai mishahara yao. Hapo ndipo penye mtego: matokeo mazuri yanaficha hesabu mbaya, na nani atauliza habari za benki wakati watu wanacheza ngoma barabarani? Agosti 2019 klabu ikafukuzwa kwenye ligi. Waingereza wakabishana miaka kadhaa, na Julai 2025 sheria ikapita kuunda msimamizi huru wa soka, mwenye mamlaka ya kutoa leseni na kuchunguza mmiliki ana pesa kutoka wapi. Kwa watu wa Bury ilikuwa imechelewa miaka sita.

Wajerumani waliwahi. Ligi yao inapitia hesabu za klabu kabla ya msimu na kuuliza jambo moja la msingi: pesa ya kufika mwisho ipo au haipo? Isipokuwepo, leseni haitoki mpaka ipatikane. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, nao wameweka kikomo: mishahara, ada za uhamisho na za mawakala visizidi asilimia 70 ya mapato.

Sisi leseni ya klabu tunayo, chini ya utaratibu wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, na moja ya vigezo vyake vitano ni fedha. Maoni yangu, na ninayatoa kama mtu anayekagua vitabu na si kama shabiki, ni kwamba kigezo hiki kinapaswa kuwa kigumu kuliko vyote. Uwanja mbovu tunauona kwa macho. Akaunti tupu haionekani jukwaani. Klabu ionyeshe mikataba iliyosainiwa badala ya barua za “nia ya kudhamini”. Iweke benki mishahara ya miezi michache ya mwanzo kabla ya kuruhusiwa kusajili. Na pesa ya klabu isipite kwenye simu ya katibu, hata kwa siku moja, hata kama katibu ni mtu wa swala tano.

Kwa klabu za wanachama kuna kanuni ya wanachama kubaki na angalau asilimia 51, kama ilivyo kwenye mabadiliko ya Simba na Yanga. Ni kinga nzuri dhidi ya tajiri anayeamka vibaya. Lakini asilimia 51 ya wanachama wasiosoma hesabu zilizokaguliwa hailindi kitu. Kwenye mkutano mkuu, kabla hamjauliza mshambuliaji mpya anatoka wapi, ulizeni tunadaiwa kiasi gani na nani, na kodi ya mishahara ya mwezi uliopita ililipwa lini. (Timu yetu ya hapa msimu wa 2025/26 inaitwa TRA United, ipo mikononi mwa Mamlaka ya Mapato yenyewe. Ikichelewesha kodi hiyo, itakuwa kichekesho cha mwaka.)

Sasa neno kwa wachezaji na wazazi wao. Kanuni za FIFA zinasema klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili bila haki, mchezaji anaweza kuvunja mkataba, ila kwanza aiandikie klabu na kuipa angalau siku 15 ilipe. Akiondoka kwa hasira bila barua, yeye ndiye anayegeuka mkosaji. Klabu yenye deni lililopita siku 30, iliyokumbushwa kwa maandishi na kupewa muda, inaweza kupigwa faini au kufungiwa kusajili. Kwa hapa nchini, malalamiko hupelekwa kwenye kamati ya TFF inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji. Na michango ya NSSF, iangalie mwenyewe. Usingoje uumie goti ndipo ugundue hukuwahi kuandikishwa.

Kijana mmoja wa Ujiji aliwahi kunijia ofisini akidai mishahara ya miezi mitano. Nikamwomba mkataba. “Mwalimu, nakala zote mbili alibaki nazo kiongozi,” akasema. Nikaona hapa hakuna kesi. Tulipokuwa tunaagana akakumbuka kwamba siku ya kusaini alipiga picha kurasa zote tatu kwa simu, amtumie mama yake aone jina la mwanawe kwenye karatasi yenye muhuri. Mama hakuifuta. Barua ya siku 15 tuliiandika tukisoma kutoka kwenye picha ile.