Bango halisi la sinema: maana yake, na jinsi linavyopimwa thamani mnadani

Bango halisi la sinema ni lile lililochapishwa kwa agizo la studio au msambazaji wa filamu, wakati filamu inaingia kwenye majumba ya sinema kwa mara ya kwanza katika nchi fulani, ili litangaze filamu hiyo kwenye jumba la sinema. Masharti ni matatu: aliyeagiza, wakati, na matumizi. Likikosekana moja, karatasi inaweza kuwa ya zamani na yenye kupendeza, lakini mnadani haitalipiwa bei ya bango halisi.

Maneno "katika nchi fulani" yasirukwe. Casablanca ilionyeshwa kwanza New York mwaka 1942, wakati Italia na Marekani ziko vitani. Bango la Kiitalia la filamu hiyo, lililochorwa na Luigi Martinati, ni la 1946. Moja la aina hiyo, kubwa la inchi 55 kwa 78, liliuzwa na kampuni ya mnada ya Heritage Auctions mwaka 2017 kwa dola 478,000. Kuchelewa kwa miaka minne hakukulipunguzia hadhi, kwa sababu ndilo bango la mara ya kwanza kwa Italia. Bango la Kimarekani la filamu hiyohiyo lililochapishwa miaka michache baadaye, filamu iliporudishwa majumbani, liko daraja la chini sana kuliko hilo.

Vitu vitatu huchanganywa na bango halisi. Cha kwanza ni bango la marudio, ambalo studio yenyewe ililichapisha filamu iliporudishwa sokoni. Hili ni la kweli na lina soko lake, ila soko hilo ni dogo. Cha pili ni nakala ya dukani, iliyochapishwa ili iuzwe kwa mashabiki na kupamba ukuta. Cha tatu ni bandia, yaani nakala iliyotengenezwa ili mnunuzi adanganyike. Uongo mwingi sokoni haumo kwenye karatasi, umo kwenye maelezo ya muuzaji: nakala ya dukani ya mwaka 1990 ikiitwa "halisi ya 1958" hugeuka kuwa udanganyifu bila hata tone la wino kuongezwa.

Ukaguzi huanza na rula. Bango la kawaida la Marekani, ambalo wakusanyaji huliita la karatasi moja, lilikuwa inchi 27 kwa 41 hadi miaka ya 1980, kisha likafupishwa kuwa 27 kwa 40. Nakala za dukani mara nyingi ni inchi 24 kwa 36, kipimo ambacho majumba ya sinema ya Marekani hayakukitumia kwa bango la kawaida. Kuna vipimo vingine halisi: kadi za ukumbini za inchi 11 kwa 14, kwa kawaida nane kwa seti, bango la nusu, 22 kwa 28, bango jembamba la 14 kwa 36, na la karatasi tatu, 41 kwa 81. Uingereza walipendelea bango la kulala la 30 kwa 40, Ufaransa sentimita 120 kwa 160. Nusu inchi ikipungua, uliza. Huenda kingo zimekatwa ili kuondoa uchakavu, na huenda namba muhimu ilikatwa pamoja nazo.

Baada ya rula, tazama mikunjo. Hadi mapema miaka ya 1980, mabango mengi ya Marekani ya karatasi moja yalitoka kiwandani yakiwa yamekunjwa: mkunjo mmoja wa kushuka katikati na mitatu ya mlalo, yaani vipande vinane. Kwa hiyo mikunjo kwenye bango la 1955 si kasoro, ni kumbukumbu ya safari yake. Bango la miaka hiyo lisilo na mkunjo hata mmoja lipo, lakini ni la nadra kiasi kwamba muuzaji anapaswa kueleza lilivyopatikana. Pitisha kidole kwenye mkunjo. Kwenye bango halisi utasikia karatasi imevunjika, na pale mikunjo inapokutana wino umebanduka au pana kitundu. Kwenye nakala iliyopigwa picha kutoka bango la zamani, mkunjo umechapishwa tu: jicho linauona, kidole hakiusikii.

Namba za ukingoni ndizo ushahidi mzuri kwa mabango ya Marekani ya kuanzia miaka ya 1940 hadi katikati ya miaka ya 1980, kipindi ambacho mengi yalisambazwa na kampuni ya National Screen Service. Kwenye ukingo wa chini, kwa kawaida upande wa kulia, huwa pana tarakimu mbili za mwaka, mstari mshazari, kisha namba ya filamu. Star Wars ni 77/21. Herufi R mbele ya mwaka humaanisha marudio: R62 ni bango la filamu iliyorudishwa mwaka 1962, hata kama filamu yenyewe ni ya 1939. Kosa la kawaida hapa ni kusoma mwaka wa hakimiliki na kuudhani kuwa mwaka wa kuchapwa. Bango la marudio linaweza kubeba mwaka wa zamani wa hakimiliki, na wauzaji wasio waangalifu huushika huo. Vilevile, kuwepo kwa namba hakutoshi, maana nakala ya bandia hunakili na namba pia. Ndiyo sababu namba husomwa kwa lenzi.

Chukua lenzi ya kukuza mara 10 na uiweke juu ya herufi ndogo kabisa za chini. Mabango ya miaka ya 1920 na 1930 mengi yalichapwa kwa lithografia ya jiwe, yaani kutoka mchoro uliochorwa juu ya jiwe bapa, na rangi zake huonekana kama chembe zisizo na mpangilio, zimepandana rangi juu ya rangi, wino mzito. Uchapaji wa ofseti uliofuata una nukta zilizopangwa safu kwa safu, lakini kwenye bango halisi nukta hizo zimo kwenye picha tu. Herufi ndogo na nembo zimejaa wino mtupu na kingo zake ni kali. Nakala iliyotokana na skana au picha huwa na nukta kila mahali, hata ndani ya herufi, na majina madogo huonekana yamevimba. Ukiona nukta zilizopangwa kwenye bango linalodaiwa kuwa la lithografia ya jiwe, simama hapo. Huhitaji kuendelea na ukaguzi.

Taa ya urujuanimno (UV) husaidia pia. Karatasi nyingi za kisasa zina kemikali za kung'arisha zinazowaka rangi ya buluu nyeupe chini ya taa hiyo, wakati karatasi ya 1935 hubaki hafifu. Ila jaribio hili hukamata mzembe tu. Mwaka 2009 soko lilitikiswa ilipogundulika kwamba mabango na kadi bandia za filamu za kutisha za studio ya Universal zilikuwa zimeuzwa kama halisi, na nyingine zilichapwa juu ya karatasi ya zamani kweli. Tangu hapo, bango la thamani kubwa lililokwisha kubandikwa kwenye kitambaa na lisilo na historia ya umiliki hutazamwa kwa shaka, na ni haki litazamwe hivyo.

Kuna kisa kinachoonyesha mpaka wa dhana hii vizuri. Mwishoni mwa 1982 filamu ya tatu ya Star Wars ilibadilishwa jina kutoka Revenge of the Jedi kuwa Return of the Jedi, wakati mabango ya utangulizi, yaani ya kutangaza filamu kabla haijatoka, yenye jina la kwanza yalikwisha kuchapwa. Yaliyobaki yakauzwa kwa wanachama wa klabu ya mashabiki. Je, ni halisi? Ndiyo, kwa sababu yaliagizwa na studio kwa ajili ya majumba ya sinema, na jinsi yalivyouzwa baadaye haibadili sababu ya kuchapwa kwake. Ni adimu kwa kiasi fulani na yanatafutwa mno, na hicho ndicho kilichozaa bandia nyingi za bango hilo.

Uadimu wenyewe una chanzo chake. Bango halikuwa mali ya jumba la sinema. Liliazimwa au kukodishwa, likatumika, likarudishwa au likapelekwa mji mwingine. Mengi yalibandikwa juu ya mengine kwa gundi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani ilikusanya karatasi chakavu kwa ajili ya vita, na mabango yakaenda huko. Yaliyopona yalipona kwa bahati. Fungu moja lililopatikana Berwick, Pennsylvania, lilikuwa mabango 33 ya mwanzoni mwa miaka ya 1930 yaliyogandamana kwa gundi ya karatasi za ukutani. Yalitenganishwa kwa subira kubwa, na mwaka 2012 yaliuzwa kwa jumla ya takriban dola 503,000.

Likishathibitika kuwa halisi, ndipo hali yake hupimwa. Minada hutumia maneno kuanzia "duni" hadi "kama jipya", na wengine hutumia alama kutoka 1 hadi 10. Usitegemee alama peke yake, soma maelezo. Tundu za pini kwenye pembe, mpasuko wa sentimita mbili ukingoni na uchakavu wa mikunjo ni mambo ya kawaida. Doa la maji linaloingia kwenye picha, rangi iliyofifia kwa jua, na hasa kipande kilichopotea usoni mwa mwigizaji au kwenye jina la filamu, ndivyo vinavyoangusha bei. Gundi ya utepe wa plastiki ni adui wa peke yake: hupenya karatasi, hugeuka kahawia, na kuitoa kunahitaji mtaalamu.

Marekebisho yanayokubalika zaidi ni kubandika bango kwenye kitambaa cha pamba, katikati pakiwekwa karatasi nyembamba, kwa gundi ya wanga wa ngano inayoweza kuondolewa kwa maji. Hunyoosha mikunjo na kuipa nguvu karatasi iliyochoka. Kabla ya hapo bango huoshwa ili kupunguza asidi, kwa kuwa karatasi ya mabango ni ya rojo ya mbao isiyosafishwa vya kutosha na hujila yenyewe. Kubandika kwa joto kwenye ubao au kulipitisha kwenye plastiki ya laminesheni ni kuliharibu, maana hakuna njia nyepesi ya kurudi nyuma. Swali la kumwuliza muuzaji ni hili: rangi iliyoongezwa kwa mkono ni kiasi gani, na iko wapi? Rangi kwenye mistari ya mikunjo ni jambo dogo. Uso mzima uliochorwa upya ni jambo jingine kabisa.

Sasa bei. Ubora wa filamu si kipimo cha kwanza. Attack of the 50 Foot Woman ya 1958 ilitengenezwa kwa fedha kidogo na haikusifiwa sana, lakini bango lake lililochorwa na Reynold Brown ni miongoni mwa yanayogombaniwa. Mchoro, aina ya filamu (za kutisha za miaka ya 1930 ziko juu), na idadi ya nakala zinazojulikana ndivyo vinavyobeba uzito. Bango la Dracula la 1931, mtindo A, lilifika dola 525,800 Novemba 2017. Filamu moja ilikuwa na mitindo kadhaa ya mabango, na bei ya mtindo mmoja haihamii kwa mwingine.

Kwa hiyo linganisha na mauzo yaliyokamilika, si bei zinazoombwa. Kampuni za mnada za Heritage na eMoviePoster wanaweka wazi kumbukumbu za mauzo yao ya nyuma. Tafuta filamu ileile, nchi ileile, kipimo kilekile, mtindo uleule, na hali inayokaribiana, katika miaka mitano iliyopita. Ondoa bei moja ya juu kabisa, kwani yatosha watu wawili wenye shauku kukutana siku moja ili ipatikane. Makadirio ya mnada yasikutie kiwewe. Mwaka 2018 kampuni ya mnada ya Sotheby's ilitoa bango la The Mummy la 1932 kwa makadirio ya dola milioni 1 hadi 1.5, na halikupata mnunuzi, ingawa mwaka 1997 bango la aina hiyohiyo lilikuwa limeuzwa dola 453,500.

Hesabu ya ada huwachanganya wengi. Tuseme nyundo ya mnadi imegonga, yaani mnada umefungwa, kwa dola 10,000. Ada ya mnunuzi, ambayo mnada huiongeza juu ya bei hiyo, ikiwa asilimia 20, mnunuzi analipa 12,000, kabla ya usafirishaji, bima na ushuru. Kamisheni ya muuzaji ikiwa asilimia 10, anapokea 9,000. Bei inayotangazwa mara nyingi ni ile 12,000. Anayetaka kuuza na kujipangia 12,000 ataona ameibiwa, kumbe alisoma namba isiyo yake. Anayenunua naye apige hesabu kinyume: kama kikomo chako ni 6,000, acha kutaja bei kwenye 5,000.

Mabango ya filamu za Kihindi, zilizojaza majumba ya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja kwa miongo mingi, hayana namba za National Screen Service. Filamu kama Mother India ya 1957 zilirudishwa tena na tena na kuchapiwa mabango mapya, kwa hiyo hapo tegemea aina ya uchapaji, karatasi na jina la kiwanda ukingoni, na ukadirie tarehe kwa tahadhari.

Kabla ya kutaja bei, omba picha ya nyuma ya bango, picha iliyopigwa kwa mwanga wa ubavuni, na vipimo kwa sentimita. Likishafika, lihifadhi likiwa bapa ndani ya karatasi isiyo na asidi au bahasha ya poliesta, mbali na ukuta wa nje. Pwani, unyevu huotesha ukungu upesi, hivyo chumba chenye kiyoyozi au kasha lenye vifuko vya kunyonya unyevu ni lazima, na vifuko hivyo vikaguliwe na kubadilishwa kabla havijashiba. Ukiliweka ukutani, tumia kioo kinachozuia miale ya urujuanimno na uache nafasi ili karatasi isigusane na kioo.