Kupaka chupa rangi si kurejeleza

Siku hizi ukisikiliza watu wa mapambo ya nyumba hapa Kigoma wakinadi kazi zao, kila kitu ni urejelezaji. Tairi limepakwa rangi ya waridi na kuwekewa mto: urejelezaji. Chupa ya maji imekatwa katikati ikaoteshwa mnanaa: urejelezaji. Wiki iliyopita nimeonyeshwa meza ya mninga, mbao imetoka mashineni juzi, imeunguzwa kwa moto wa gesi ili ionekane nzee, na muuzaji akaniapia kwamba ile ni samani ya urejelezaji, rafiki wa mazingira. Nikaona hapana, hili sasa liandikwe.

Kurejeleza ni kuirudisha taka iwe malighafi. Kitu kinasagwa, kinapondwa au kinayeyushwa, umbo lake la zamani linapotea, na kinachobaki ni plastiki, alumini, karatasi au kioo cha kutengenezea kitu kingine. Basi. Kama umbo la chupa bado lipo, hujarejeleza chochote, umeitumia tena. Na kama umeitumia tena kwa namna iliyoipa kazi bora na thamani kubwa kuliko iliyokuwa nayo ilipofika jalalani, hapo ndipo wenzetu wanaposema apusaikilingi. Mimi naiita kupandisha hadhi, kwa maana ileile ya zahanati kupandishwa hadhi ikawa kituo cha afya: kuta hazikubomolewa, ila kazi imekuwa kubwa zaidi.

Neno lenyewe la kigeni halina umri mkubwa. Mwaka 1994 mhandisi wa Kijerumani, Reiner Pilz, alihojiwa na jarida moja la Uingereza linaloandika habari za vifaa vya ujenzi vilivyookolewa kwenye majengo ya zamani. Alilalamika kwamba kile ambacho watu wanakiita kurejeleza, yeye anakiona ni kushusha: wanaponda matofali, wanaponda kila kitu. Kinachotakiwa, akasema, ni kinyume chake, vitu vya zamani viongezewe thamani badala ya kupunguziwa. Mwaka 2002 Mmarekani msanifu majengo William McDonough na Mjerumani mkemia Michael Braungart wakaibeba hoja hiyo mbali zaidi katika kitabu chao, na baada ya hapo ikaangukia mikononi mwa watu wa rangi za kupuliza na gundi.

Ninachotaka ukishike hapo ni kwamba Pilz hakuwa anazungumzia maua. Alikuwa anazungumzia matofali. Tofali zima, lililoumbwa na kuchomwa, linapigwa nyundo liwe kifusi cha kujazia shimo, halafu mtu anapongezwa kwa kurejeleza. Hilo ndilo lililomuudhi, na mtu wa Kigoma anapaswa kumwelewa haraka kuliko mtu wa mji wa zege.

Angalia nyumba za matofali ya kuchoma kuanzia Mwandiga ukipandisha kwenda Kasulu. Nyingi za zamani zimejengewa udongo katikati ya matofali, saruji imekuja kwenye lipu tu, na mara nyingine hata hapo haikufika. Nyumba kama hiyo ikibomolewa, tofali linatoka zima. Unalikung'uta, unaparaza udongo kwa panga butu, unalipanga pembeni. Lililojengewa saruji nzito halikubali hivyo. Saruji imeshika kuliko tofali lenyewe, ukilazimisha linakatika vipande. Kwa hiyo udongo ule tunaouona ni wa kimaskini ndio unaoifanya nyumba iweze kuvunjwa na kujengwa tena. Na tofali la kuchoma limekula kuni. Tanuri moja linameza miti ya kutosha, kila mtu aliyewahi kulikesha anajua. Tofali zee likiingia kwenye ukuta wa jiko, kwenye benchi la barazani au kwenye njia ya kutoka mlangoni hadi chooni, kuna kuni ambazo hazikukatwa. Huo ndio urafiki na mazingira ninaoweza kuuonyesha kwa kidole. Ukiyaponda yaleyale ukamwaga kwenye dimbwi la barabarani, si dhambi, ila umeyashusha.

Siyo kwamba kushusha ni kubaya siku zote. Karatasi kila inaporejelezwa nyuzinyuzi zake zinakuwa fupi, na mwisho wake ni boksi la mayai. Chupa ya maji mara nyingi inaishia kuwa nyuzi za kujazia mito au za kufuma zulia, haiwi chupa tena. Alumini haina shida hiyo. Unaiyeyusha leo na kesho kutwa, inabaki alumini, na kuyeyusha chakavu kunatumia takribani asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kuitoa kwenye udongo wake wa madini. Ndiyo maana nikiona sufuria lililotoboka limegeuzwa chungu cha ua huwa nasita kumpongeza mwenye nalo. Sufuria hilo lilikuwa na njia nzuri zaidi, kwa mtu wa skrepa. (Tahadhari ndogo kwa wanaopenda sufuria za kusubu mitaani: vyombo vya aina hiyo vilipopimwa Kameruni vilikutwa vinatoa risasi, ile metali yenye sumu, kwenye chakula, kwa sababu chakavu kinachanganywa na vyuma vya magari. Tumia kuchotea maji ya kuogea.)

Kuna mkanganyiko wa pili, na huu ni wetu wenyewe hapa ziwani. Mtu akitaka mfano mkubwa wa kupandisha hadhi anataja meli ya Liemba. Sifa za meli ile nazijua: iliundwa Ujerumani, ikasafirishwa vipande vipande hadi Dar es Salaam, ikaletwa kwa reli hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Hadithi tamu. Lakini ilikuwa meli na ikarudi kuwa meli. Huo ni ukarabati. Mafundi walioizamisha waliipaka mitambo grisi nyingi, kwa nia kwamba siku moja itatolewa. Ukarabati hauna jina la kuvutia, hauuziki kwenye picha, na hata hivyo ndio ulio juu ya hayo mengine yote, kwa sababu kitu kinaendelea na kazi yake bila kununuliwa kingine. Kiti kilichovunjika mguu kinataka mguu. Watu wanakigeuza kitalu cha maua halafu wananunua kiti kipya cha plastiki.

Kama unataka kupandisha hadhi ziwani, nenda Kibirizi utafute boti iliyokwisha. Iliyokwisha kweli: kalafati inayoziba nyufa za mbao haishiki tena, mbao za chini zimekuwa laini, mwenyewe ameshakata tamaa. Mbao za ubavuni juu ya usawa wa maji mara nyingi bado ni nzima. Sikiliza kwa kugonga. Mbao nzima inalia, iliyooza inanyamaza. Kuzunguka kila tundu la msumari kuna doa jeusi, kutu iliyoingia kwenye nyuzi za mbao, na doa hilo halitoki kwa randa. Fundi asiyezoea atataka kulifukuza, atapiga randa mpaka mbao iwe nyembamba. Liache doa lilale hapo. Kabla ya msumeno, pitisha sumaku juu ya mbao yote, maana msumari uliokatikia ndani huuoni, na ukikutana na meno ya msumeno ni hasara ya msumeno na pengine ya jicho. Osha, anika juani siku za kutosha mpaka harufu ya dagaa iishe. Harufu inaisha, usimsikilize mkeo au mumeo wiki ya kwanza. Unachopata ni meza au rafu ambayo huwezi kuinunua dukani, na hakuna mti uliokatwa kwa ajili yake.

Sasa rudisha macho kwenye neno "iliyokwisha", maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kupandisha hadhi kunaanza na kitu ambacho kazi yake imefika mwisho. Tabora kuna mizinga ya nyuki ya magome, ile inayotengenezwa kwa kumvua mti wa miombo ganda lake kuzunguka shina lote. Mti uliovuliwa hivyo unakufa, kwa sababu njia ya chakula kutoka majanini kwenda mizizini ilikuwa kwenye lile ganda. Mzinga uliofanya kazi miaka yake, ukapasuka, nyuki wakahama, ukiutundika sebuleni na kuuwekea taa ndani, umefanya jambo zuri na unapendeza mno. Lakini mizinga mipya iliyoagizwa kwa ajili ya kutundikwa kwenye nyumba ya wageni, haijawahi kuona nyuki, ni miti iliyouawa ili chumba kionekane cha asili. Nimeiona ikisifiwa kwa maneno yaleyale: rafiki wa mazingira.

Chupa za kioo za soda nazo ni kesi ya namna hiyo. Chupa inayorudishwa dukani na kreti lake, ikaoshwa kiwandani na kujazwa tena, haijakwisha. Iko katikati ya mzunguko mzuri kuliko taa yoyote utakayoitengeneza. Ukiikata shingo ukaitia balbu umeitoa kazini, umeishusha, hata kama wageni wanaisifia. Chukua chupa ambazo hazina pa kurudi.

Mataruma ya reli sitayasemea sana. Ya chuma ni mali ya reli, na anayekuuzia usiku anakuuzia kesi. Ya mbao, hata ukiyapata kihalali, yamelowekwa kreosoti, mafuta meusi ya makaa ya mawe yanayohusishwa na saratani. Yakae nje, mbali na bustani ya mboga, na yasiwe kitanda cha mtoto.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo watu hawapendi kulisikia, kwamba kitu kuzaliwa kutoka kwenye taka hakukifanyi kiwe kizuri kwa mazingira wala kwa mwenye nyumba. Kibatari kilitengenezwa kwa kopo bovu na utambi wa kitambaa, ubunifu safi kabisa, na moshi wake umeharibu vifua vya watu wangapi. Dumu lililobeba dawa ya kupulizia tumbaku halioshwi likawa la maji, hata ulichemshe. Litobolewe lisitumike tena. Tairi la kukalia uani litobolewe upande wa chini, la sivyo mvua ikinyesha maji yanatuama ndani, na mbu wa dengue anapenda sana kutaga humo. Dumu la mawese, kwa upande mwingine, halina neno: maji ya moto, sabuni, majivu, kisu kilichopashwa moto kidogo, na una droo za kuwekea viatu ambazo zitakuzika.

Na vipande vya vitenge kwa fundi cherehani, vile vinavyofagiliwa jioni, omba tu, utapewa. Vikubwa viunganishe kwa foronya, vidogo jazia mto. Hapo hakuna ubishi wa jina wala wa mazingira.

Narudi kwa wenye tairi na chupa, kwa upole, maana najua nia ni njema. Tairi lililopata mto na likakuokoa kununua stuli ya plastiki limepandishwa hadhi, sema hivyo bila aibu, haihitaji kuitwa urejelezaji. Chupa za maji ni habari nyingine. Chupa tupu iliyo safi ina mnunuzi; waokota makopo wanaikusanya na kuiuza kwa kilo, ikasagwe kuwa chenga. Siku ulipoipaka rangi ya mafuta, ukaibandika gundi na kuitia saruji chini ili isimame, umeifunga njia hiyo. Itakaa dirishani mpaka rangi ibanduke, kisha itakwenda jalalani, na safari hii hakuna atakayeiokota. Kwa hiyo ukiwa na mfuko wa chupa na hamu ya kurejeleza, usiende kununua rangi. Toa vifuniko, zikamue hewa, mwite kijana wa makopo anapopita asubuhi na umpe bure.